Mashine za Mpakani Zisikabidhiwe Bila Betri, Leseni na Daftari

Mheshimiwa mwenyekiti, maofisa wa uhamiaji na forodha, ndugu zetu wa polisi na wa afya, na wageni wetu kutoka balozi na mashirika: asanteni kwa kufika. Historia ya ushirikiano huu wa Ulaya na Afrika kuhusu uhamaji mnaijua, sitairudia. Mkutano wa Valletta, Malta, Novemba 2015, mfuko wa dharura wa Umoja wa Ulaya kwa Afrika. Kisha 2016 programu ya kusimamia uhamaji katika Pembe ya Afrika, iliyoanza na Euro milioni 46 za Ulaya na Ujerumani, Uganda ikiwemo. Semina zake mmehudhuria. Mimi nimekuja na jambo lile lile mnalonisikia nalo kila mara, na nitalisema mpaka liandikwe kwenye mikataba: msaada wa mpakani unaishia siku ya makabidhiano, na kazi ya mpakani inaanza siku hiyo hiyo.

Tuchukue kaunta moja tu. Msafiri ametoa pasipoti. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili, kila mmoja una nafasi 44 za herufi na tarakimu. Kisomaji cha pasipoti kikiwa kizima, ofisa anailaza pasipoti kifudifudi juu ya kioo, na kufumba na kufumbua jina, namba, uraia na tarehe ya kuzaliwa vimeingia kwenye mfumo na kulinganishwa na orodha ya wanaotafutwa. Sasa kioo kimekwaruzika, au kimejaa vumbi la malori, au waya umelegea. Foleni imefika mlangoni. Ofisa afanye nini? Anaandika kwa mkono.

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo kazi inapoharibikia. Katika ile mistari miwili, wa pili una tarakimu za kuhakiki. Aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1985 anaandikwa 850314. Unazidisha tarakimu moja moja kwa 7, 3, 1, kisha 7, 3, 1 tena, unapata 56, 15, 0, 21, 3 na 4. Jumla ni 99. Ile 9 ya mwisho ndiyo inayochapwa mara baada ya tarehe. Ofisa aliyechoka akigeuza 14 ikawa 41, jumla inakuwa 105, inatoka 5, haikubaliani na 9, na mfumo unapaswa kugoma pale pale kabla msafiri hajaondoka. Lakini ikiwa programu ina ukurasa wa kuandika kwa mkono ambao haudai tarakimu hiyo, kosa linapita. Herufi O inakaa mahali pa sifuri. Jina la ukoo linakaa mahali pa jina la kwanza. Tuseme Wafula Moses ameingia Jumatatu, Ijumaa ametoka kama Moses Wafula: mfumo unahesabu watu wawili, mmoja ametoka bila kuingia, mwingine ameingia na hajatoka mpaka leo. Mwisho wa mwaka tunaletewa chati ya wageni waliozidisha muda, na kwa chati hiyo watu wanadai tukaze mpaka. Jamani! Sehemu ya hao watu haipo. Ni makosa ya kibodi.

Dawa yake ni sentensi moja kwenye mkataba wa ununuzi: mfumo usipokee pasipoti iliyoandikwa kwa mkono mpaka mistari yote miwili iandikwe na tarakimu za kuhakiki zikubali. Sentensi hiyo haigharimu hata shilingi ikiwekwa kabla ya kusaini. Baada ya kusaini, mtaitiwa mtaalamu kutoka ng'ambo aje kuirekebisha, na mtamlipa kwa siku.

Umeme ndio tatizo la pili. Chini ya meza ya seva kuna betri za akiba, nyingi ni za madini ya risasi na asidi. Maisha yake yanapimwa kwenye joto la nyuzi 25, na kila joto likipanda nyuzi 10 maisha hayo yanapungua kama nusu. Betri ya miaka minne ikiwekwa kwenye chumba chenye nyuzi 35 itakupa miaka miwili. Wa Elegu, mpakani na Sudan Kusini, mnajua joto la kule, na mnajua Mto Unyama ukifurika maji yanaingia wapi. Sasa pigeni hesabu: mradi ni wa miaka mitatu, betri zinakufa mwaka wa pili, mwaka wa tatu fedha zilizobaki zimetengewa ripoti ya mwisho na sherehe ya kufunga. Nani ananunua betri? Nani analipia leseni ya programu ikiisha? Dizeli ya jenereta iko kwenye fungu la nani? Mkataba usiojibu maswali haya matatu usisainiwe, hata kama jengo ni zuri kiasi gani.

Na umeme ukikatika kabisa, daftari. Daftari halina aibu yoyote, mradi liwe la kazi: kurasa zenye namba zilizochapwa, safu kwa mpangilio ule ule wa kwenye skrini, na zamu iliyoandika ndiyo iingize kwenye mfumo ndani ya saa 24, siyo zamu nyingine isiyoweza kusoma mwandiko. Mahali pengi daftari linajaa, linawekwa kabatini, basi. Mtu anayetafutwa akipita saa hizo, jina lake liko kabatini.

Kuna atakayeniambia: wewe unazungumzia betri na madaftari, na magaidi je? Wafanyabiashara wa magendo je? Wanaouza watu je? Nakujibu. Mipaka yetu ya nchi kavu na majirani watano inapita kilomita 2,500. Mtu mbaya haji kaunta kupanga foleni. Anapita njia za panya usiku, na anachokihitaji ni zile njia ziwe na watu wengi. Anayezijaza ni nani? Ni mama wa Busia mwenye beseni la nyanya, ambaye ana Ndaga Muntu, kitambulisho chetu cha taifa, halali na tangu 2014 anaruhusiwa kuingia Kenya kwa kitambulisho hicho, lakini kaunta imemweka saa mbili kwa sababu ile namba ya NIN, namba ya utambulisho wa taifa, yenye herufi na tarakimu 14 inaandikwa kwa mkono. Kesho haji tena. Anapanda boda boda, anapita nyuma ya nyumba. Mkiharakisha kaunta, njia ya panya inabaki na wachache, na askari wa doria anajua amsimamishe nani. Huo ndio ulinzi ninaoudai.

Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa kwa nia hiyo, na ninaviunga mkono kabisa. Mutukula, mpakani na Tanzania, ilizinduliwa Novemba 2017, Busia Februari 2018, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaeleza kila kitu: anayetoka Kenya anasimama mara moja tu, upande wa Uganda, anagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo moja. Lakini maofisa wawili wakikaa mita moja kutoka kwa mwenzake, kila mmoja na mfumo wake, wakiandika jina lile lile mara mbili, tumeunganisha kuta tu. Rekodi ya kutoka iwe ndiyo rekodi ya kuingia.

Na ushirikiano wa kweli tunauweza. Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo alithibitishwa kuwa na Ebola Kasese. Mpaka wa Mpondwe haukufungwa. Kampala na Kinshasa zilikubaliana ndani ya siku chache jamaa zake warudishwe Kongo kwa matibabu. Hakuna jengo lililozinduliwa. Watu walipigiana simu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine haraka. Wakimbizi: tunao zaidi ya milioni 1.7, na sheria yetu ya 2006 inawapa haki ya kufanya kazi na kutembea. Alama zao za vidole zisichanganywe kwenye orodha ya wahalifu, kwa makubaliano yoyote. Biashara ya watu: sheria ya 2009 tunayo, wakalimani kaunta hatuna. Kupokea watu wa nchi nyingine wanaoondolewa huko, yaani makubaliano yetu na Marekani yaliyotangazwa Agosti 2025 na barua ya nia na Uholanzi ya mwezi uliofuata: tuulize mapema nani analipia chakula, wakili na tiketi, na kwa miezi mingapi, kwa maandishi.

Wa Elegu, Mpondwe na Mutukula, kabla ya chakula cha mchana nileteeni orodha ya vipuri vilivyokufa, na tarehe vilipokufa. Wafadhili wako humu ndani, tutawasomea mmoja mmoja.