"Mwalimu, tumekosa nini?"

Mhadhara uliotolewa Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa ualimu, walimu na wazazi

Walimu wetu waheshimiwa, wazazi mliofunga meza zenu sokoni mapema ili mje, na ninyi wenzangu mnaoanza staji, yaani mazoezi ya ualimu, juma lijalo, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya staji yangu ya kufundisha kilimo. Nianze na dakika tano za kwanza, kwa sababu bado nazisikia mwilini.

Shule ilikuwa komini ya Annexe, upande ambao nyumba zinapungua na mashamba yanaanza. Mwezi wa kumi ulikuwa ukingoni. Joto lilikuwa kali, mawingu yanajikusanya mchana na kutawanyika jioni bila kudondosha tone. Mkononi nilikuwa na fishi yangu ya maandalizi, imeandikwa kwa Kifaransa safi, lengo la somo juu, maswali ya marudio chini. Nikawaambia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa umanite, yaani sekondari: leo tunatoka nje, kila mmoja achukue jembe. Darasa likanyamaza. Msichana wa dawati la mbele akafunga daftari lake polepole, akasimama, akauliza: "Mwalimu, tumekosa nini?"

Aliuliza kwa moyo mmoja. Pale shuleni aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alifyeka majani, aliyepigana alichimba shimo la taka. Majembe yenyewe yalikuwa yanawekwa katika ofisi ya mkuu wa nidhamu. Darasa la kilimo lilikuwa na picha ya mhindi ukutani, basi. Ukienda kuomba jembe, unasimama palepale wanaposimama wakosaji.

Hofu ile ni ya zamani kuliko yule msichana. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilitoa amri ya kilimo cha lazima: wanaume wa vijijini walime mazao waliyoamriwa hadi siku 60 kwa mwaka, na asiyetimiza alitozwa faini au alifungwa. Wakati wa vita kuu ya pili siku hizo zikafikishwa 120. Baadaye, enzi ya Mobutu, wazazi wetu wakatolewa nyumbani na majembe na mafagio kwenda Salongo, kazi za umma za lazima. Huku mjini kukawa na jambo jingine tena. Mji huu ulizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na mfanyakazi wa mgodi alipewa posho ya unga. Chakula kilitoka kazini. Shamba likawa la aliyekosa kazi. Ndiyo maana hata leo mzazi anamwambia mtoto: soma, usije ukafia kwenye jembe kama babu yako.

Na jioni mzazi huyohuyo anasonga bukari, ugali wetu. Unga wake mara nyingi umevuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa kwa lori, na kila Zambia inapozuia mahindi yake kutoka, sisi sote tunalijua kabla redio haijasema, kwa sababu muuza unga ameshapunguza kipimo. Mji wa watu wengi namna hii unalishwa na mpaka mmoja, na watoto wake wanajua jembe kama fimbo. Hilo linaniuma, na sitaki kulisema kwa upole.

Siku ile nilirudisha majembe. Nilimjibu yule binti kwamba hamkukosa kitu, na kesho tutatoka bila jembe hata moja.

Usiku nilikaa na kamba ya nailoni ya mita tano. Nilipima sentimita 12 na nusu kutoka mwanzo, nikafunga fundo, kisha kila sentimita 25 nikafunga jingine, na juu ya kila fundo nikakaza uzi mwekundu uliotoka kwenye gunia la vitunguu, ili macho yalione hata kwenye vumbi. Mafundo ishirini. Yanachosha vidole, nawaambia, na fundo moja likiteleza inabidi uanze upya kutoka hapo, kwa sababu kila fundo likikazwa linakula kamba kidogo na vipimo vyote vinasogea.

Kesho yake tulipima kipande cha mita 10 kwa 10 nyuma ya madarasa, tukakigawa vitalu vinne vya mita 5 kwa 5. Nikawauliza: mhindi na mhindi sentimita 25, mstari na mstari sentimita 75, je, kitalu kimoja kitabeba mahindi mangapi? Waligawa 25 kwa 0.1875 wakapata 133. Tukatandaza kamba. Kamba ikatoa mistari saba ya mashimo ishirini, yaani 140. Hapo ndipo darasa lilipoamka. Wengine wakasema hesabu ya daftari imekosea, wengine wakasema kamba imevutika. Kijana mmoja akapiga magoti akapima kutoka mstari wa saba hadi mpaka wa kitalu: sentimita 12 na nusu tu, badala ya 37 na nusu, yaani nusu ya nafasi ya mstari na mstari. Mstari ule ulikuwa umejibana ukutani, umeazima nafasi ambayo si yake. Hakuna aliyeniuliza tena amekosa nini. Waliniuliza kama shamba la kweli nalo linahesabiwa hivyo, na siku ile nilitoka kazini nikiwa na furaha ambayo sijawahi kupata darasani.

Neno juu ya lugha, kwa kifupi. Ubishi ule wote ulikuwa wa Kiswahili. Nilipoandika ubaoni nilitumia Kifaransa, kwa kuwa mtihani wa Serikali unafanywa kwa Kifaransa na sitaki mtoto afeli kwa ajili yangu. Lakini kufikiri tulifikiri kwa Kiswahili. Msimamizi mmoja alinipunguzia alama kwa hilo. Ningerudi, ningefanya vilevile.

Sasa nifike kwenye kichuguu, ambacho ndicho hasa nilichokuja kuzungumza.

Ninyi nyote mmezaliwa mkiviona. Ukitoka mjini upande wowote, katika msitu wa miombo, vichuguu vimesimama kama nyumba, vingine hufika mita 8 kwenda juu. Watu wetu wanavichimba kufyatua matofali. Wakulima nao tangu zamani wanapanda mahindi au mboga juu yake na pembeni yake, kwa sababu wameona hapo mmea unashika vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamevipasua vichuguu hivi na kupima umri wake, na kimoja kilikutwa na zaidi ya miaka 2000. Kabla ya mji, kabla ya mgodi, kabla ya mpaka wa Kasumbalesa, mchwa walikuwa wanapandisha udongo wa chini kuja juu, kidonge kwa kidonge cha mate.

Karibu na shule palikuwa na kichuguu kilichokatwa nusu na wafyatuaji matofali. Niliwapeleka pale na ndimu tatu na kisu. Kwenye ule ukuta uliokatwa, chini karibu na usawa wa ardhi, kuna vijiwe vyeupe, laini kama chaki, vinavunjika kwa ukucha. Nikamwita yule msichana wa dawati la mbele, nikampa kijiwe na nusu ya ndimu. Alikamua. Kijiwe kikatoa mapovu, kikachemka kiganjani mwake kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Akatoa sauti, akataka kukitupa, halafu akakileta karibu na sikio lake akasikiliza.

Halafu tukachukua udongo wetu mwekundu wa shambani, tukaukamulia ndimu ileile. Kimya. Hakuna kitu.

Nikawaeleza: kile kinachochemka ni chokaa. Udongo wetu mwekundu ni mchachu, na uchachu unafunga fosforasi hata mzizi unashindwa kuichukua. Chokaa hupunguza uchachu huo, na mkulima mwenye fedha huinunua. Ninyi mmekulia kando ya chokaa na mnaitia kwenye matofali. Mwanafunzi mmoja akasema bibi yake huwa anabeba udongo wa kichuguu kwa beseni kwenda kwenye mboga zake, na yeye siku zote alidhani ni ushirikina. Wenzangu, mkifika staji, mtafuteni bibi wa namna hiyo kabla hamjafungua kitabu.

Mvua za kwanza zilipotulia, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, tukapanda. Kitalu cha kwanza tuliacha udongo ulivyo. Cha pili tulitia udongo wa kichuguu. Cha tatu samadi ya kuku. Cha nne vyote viwili. Kabla ya punje moja kuingia ardhini nilikwenda kwa prefe, mkuu wa shule, nikamwomba jambo moja: mavuno yagawanywe, nusu ya shule, nusu ya watoto. Prefe alifikiri sana, kisha akakubali, na nitamshukuru daima. Mtoto anayelima shamba ambalo mavuno yake yote yanaishia nyumbani kwa wakubwa, amefundishwa somo, lakini si la kilimo.

Staji yangu iliisha kabla ya Noeli. Nikaendelea kwenda kila Jumamosi, mpaka mwezi wa nne.

Mwezi wa kwanza viwavijeshi wakaingia, wale waliovuka kutoka Amerika na kuonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Watoto walijifunza kumtambua kwa alama ya Y iliyopinduliwa usoni na vidoa vinne vilivyojipanga kama mraba karibu na mkia. Tuliwaokota asubuhi kwa mkono na kutia majivu katika moyo wa mhindi. Mahindi mengi yalipona.

Katikati ya msimu ule kijana aliyepima ule mstari wa saba alibaki nyuma ya wenzake. Mama yake analima lengalenga, yaani mchicha, na kuuza sokoni, upande wa kaskazini-magharibi mwa lile tanuru la shaba lililoanza kazi 1911. Mnajua upande huo. Upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki, na kwa miaka mingi moshi ulikwenda kulekule, mpaka miti ikafa na ardhi ikabaki uchi. Udongo wa pale umebeba shaba, kobalti, risasi, kadimiamu. Kijana akauliza: "Mwalimu, mboga za mama ni sumu?"

Nilikuwa nimemaliza kufundisha madini ya udongo juma lile. Nilifundisha kwa raha, kama mtu anayesoma orodha.

Nilimweleza ninayoyajua. Kuosha majani vizuri kunatoa vumbi, na vumbi ni sehemu kubwa ya hatari. Kilichoingia kwa mizizi hakitoki kwa maji. Mboga za majani hubeba metali hizi kuliko punje ya mhindi. Uchachu wa udongo ukipungua, na samadi ikiwepo, sehemu ya shaba na kadimiamu hushikwa ardhini isipande kwenye mmea. Na njia iliyo salama zaidi ni kupanda mboga kwenye kitanda kilichoinuliwa, kwa udongo ulioletwa kutoka mahali pengine.

Jumamosi iliyofuata mama mwenyewe alikuja. Alikuwa bado na beseni kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mwanangu, nimekuelewa. Sasa nikiacha, hawa watakula nini wakati huo kitanda kinajengwa?" Nilinyamaza, kwa sababu lilikuwa swali la haki na fishi yangu haikuwa na mstari wake. Wanafunzi ndio waliojibu. Walikwenda Jumamosi mbili, watu kumi na wawili, wakamjengea kitanda cha matofali mabovu, wakakijaza udongo wa kichuguu na samadi kutoka upande wetu. Kitanda kimoja tu. Shamba lile la zamani bado analilima, akipanda mahindi. Sitawadanganya kwamba tulimaliza tatizo la upande ule. Kusafisha ardhi ya namna ile si kazi ya mama mmoja wala ya darasa moja, na wenye uwezo wa kuifanya wanajulikana.

Mavuno. Kitalu cha kwanza kilitoa ndoo moja ya punje. Cha kichuguu peke yake ndoo moja na robo hivi. Watoto walihuzunika, walikuwa wamekipenda. Cha samadi ndoo mbili. Cha vyote viwili, mbili na nusu. Nikawauliza kwa nini kichuguu kimewaangusha. Wakafika wenyewe: chokaa imefungua mlango, lakini naitrojeni ya kutosha haikuwemo, na samadi ndiyo iliyoileta. Kisha yule msichana wa dawati la mbele akasema hatuwezi kuwa na hakika, kwa kuwa kitalu cha nne kilikuwa upande wa mteremko na maji yalikuwa yanatulia pale. Inabidi turudie, akasema, na vitalu vibadilishane nafasi.

Wamerudia msimu huu, wakiwa na mwalimu wao mwenyewe. Majembe sasa yako darasani, yameegemezwa chini ya ile picha ya mhindi.

Kwa mnaoanza juma lijalo: nimekuja na kamba sita zenye mafundo, na ndimu zipo kwenye mfuko huu pamoja na vijiwe kutoka kichuguu kilekile. Njooni hapa mezani mjaribu. Mama pale nyuma, nimeona mkono wako, karibu uulize.