Wagermani: Jina Walilopewa na Wengine

Ndugu wasikilizaji, jina Germani, la makabila ya kale ya kaskazini mwa Ulaya, limetufikia kupitia Kilatini, na aliyelieneza zaidi ni jemadari wa Roma, Julius Caesar, katika taarifa zake za vita vya Gallia (takriban Ufaransa ya leo), vilivyoanza mwaka 58 KK. Kwake mto Rhine ndio mpaka: Wagallia magharibi, Wagermani mashariki. Lakini taarifa hizohizo zinawataja Wagermani waliokaa magharibi ya mto, wakiwemo Waeburones na Wakondrusi, pande za Ubelgiji ya leo. Mpaka huo ulimfaa jemadari, mwanaisimu asiutegemee.

Tacitus, mwanahistoria wa Roma, mwaka 98 BK, anaandika kwamba jina lilikuwa bado geni. Anasema waliotangulia kuvuka Rhine na kuwafukuza Wagallia, ambao zama zake waliitwa Watungri, ndio walioitwa Germani, kisha jina la kabila moja likawafunika wote. Huko mashariki watu walijulikana kwa makabila yao: Wachatti, Wacherusci na wengineo.

Je, maana yake nini? Wengi hushika maelezo ya ger, "mkuki", na man, "mtu". Yanavutia, ila yapimeni kwa sauti. Zama za Caesar mkuki katika lugha ya Wagermani uliitwa gaizaz. Ile z kugeuka r, na ai kuwa e ndefu, ni mambo ya karne nyingi baadaye. Mrumi angesikia gais-, wala si ger-. Maelezo hayo yanaanguka hapo.

Strabo, mwanajiografia Mgiriki, alilihusisha jina hilo na neno la Kilatini germanus, "halisi", eti hao ni Wagallia halisi. Hiyo ni tafsiri iliyobuniwa baada ya jina kuwapo. Wengine hulitafuta katika lugha za Kiselti, yaani za Wagallia na jamaa zao, kwa maana ya "jirani" au "mpiga kelele". Hilo lina mantiki, kwa kuwa Waselti ndio waliopakana nao, lakini halijathibitishwa.

Leo neno hili lina kazi imara katika isimu. Ukoo wa Kigermani hutambulika kwa mabadiliko ya sauti aliyoyapanga mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm mwaka 1822: p ikawa f, t ikawa th, k ikawa h. Linganisheni Kilatini pater, tres, cornu na Kiingereza father, three, horn. Kwa hiyo Kiingereza ni cha ukoo huu hata kikijaa msamiati wa Kifaransa.

Nawasihi wafasiri: msiandike kwamba Kiingereza ni "lugha ya Kijerumani". Kijerumani ni lugha moja, ndugu ya Kiholanzi na Kiswidi. Kigermani ni ukoo mzima.