Kikombe cha Kuchotea: Mazungumzo na Wazazi wa Nyalenda, Kisumu

Akina mama, wazee wangu, hamjambo? Sitawaweka sana, najua wenye vibanda wanataka kurudi kazini.

Nianze na mtoto anayeharisha, maji tutayafikia. Mtoto akianza kuendesha, nyumba nyingi hapa zinamnyima kinywaji. "Ukimpa, inatoka tu." Ni kweli, inatoka. Lakini kinachoua ni maji na chumvi za mwili zinazotoka pamoja na kile choo. Mtoto wa miezi minane hana akiba: asubuhi anacheza, jioni macho yameingia ndani na akilia hatoi machozi.

Wengine mtaniambia ni meno. Meno hayaharishi mtu. Umri wa meno ndio umri wa kutambaa, na anayetambaa huokota kila kitu akatia mdomoni.

Basi ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo tunapokosea. Pakiti hazilingani: ziko za nusu lita, ziko za lita nzima. Imeandikwa kwa nje. Usipoweza kusoma, mwambie muuguzi akusomee kabla hujaondoka dirishani. Ukimimina pakiti ya nusu lita kwenye kikombe cha chai, umepika maji makali ya chumvi, nayo yanazidi kumkausha mtoto. Kuigawa nusu leo, nusu kesho, ni kosa lile lile, maana hakuna jicho linaloweza kugawa unga ule sawasawa. Changanya yote, mpe kidogo kidogo. Kila akiharisha mpe tena: aliye chini ya miaka 2, robo kikombe hadi nusu, aliyezidi hapo, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, uanze tena polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24, mwaga. Na kunyonya kusikome, wala chakula.

Zinki nayo: tembe ya miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, aliye chini ya miezi 6, nusu tembe. Watu huacha siku ya tatu kwa sababu choo kimeshika. Maliza dozi, maana zinki inamkinga hata wiki zijazo.

Ukiona damu kwenye choo, au mtoto amelegea, au hawezi kunywa, hapo ni hospitali, si kesho.

Sasa maji. Hapa Nyalenda huchimbi sana kabla hujapata maji, na vyoo vya shimo viko hatua chache tu kutoka kisimani. Kwa hivyo maji kung'aa si hoja. Hata ya mfereji, yakishasafiri kwa mkokoteni ndani ya jerikeni ya mtu, hujui yamepitia wapi. Chemsha mpaka yatokote, au tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa chupani, subiri dakika 30. Yakiwa na tope, chuja kwa kitambaa kwanza, kwa sababu tope hula dawa. Mnalalamikia harufu, harufu kidogo inaonyesha dawa bado iko kazini.

Niwaambie la nyumbani kwangu. Nilikuwa nachemsha kila jioni, najaza dapi, ule mtungi wa udongo wa maji, na mtoto bado anaharisha. Siku moja nikakaa jikoni kutazama tu. Jirani akaja kuomba maji, akazamisha kikombe pamoja na vidole vinne. Kijana wangu akatoka chooni, akachota vivyo hivyo. Kuni zangu zote zimeishia hapo! Wafinyanzi wa Nyanza walishatengeneza mitungi yenye mdomo mwembamba na bomba chini, mkono usipate njia. Ukikosa, ndoo yenye mfuniko na bomba inatosha. Hata jerikeni ni nzuri, mradi umimine, usichote.

Mama wa pale nyuma anauliza kuhusu Flagyl, ile antibiotiki. Hapana, mama, usimnunulie dukani. Kuharisha kwingi kwa watoto kunatokana na virusi, na Flagyl haigusi virusi. Kuna chanjo ya rota, virusi vinavyoharisha watoto, ni ya matone mdomoni, inatolewa Kenya tangu 2014. Angalia kijitabu cha kliniki kama aliipata.

Haya, nani ana chupa tupu ya nusu lita? Ilete mbele, tuchanganye hii pakiti, kila mtu aonje ladha yake. Ikizidi machozi kwa chumvi, tumekosea kipimo.