Tuwasubiri wa Nyuma: Mazungumzo na Watu wa Kujitolea Kabla ya Mbio za Jumapili, Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wetu mlioketi huku mbele, shikamooni. Vijana wa chuo, ndugu zangu wa bodaboda, mama zangu wa vikundi, asanteni kwa kuja.

Nimepitia orodha. Wengi mmeomba kupangwa kwenye utepe wa kumalizia, na siwalaumu: pale kuna muziki, kuna wageni rasmi, kuna medali. Lakini leo nimekuja kuwasemea wakimbiaji wa nyuma. Mbio hizi nitazipima kwa huduma atakayoipata yule wa mwisho kabisa, saa ambayo jua limeshapanda na miguu imekwisha.

Kanda yetu ya kati ina majina makubwa. Juma Ikangaa, mzaliwa wa hapa Dodoma, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989. Alphonce Simbu wa Singida alitwaa dhahabu ya dunia Tokyo mwaka 2025, akaandikiwa muda sawa na wa Mjerumani aliyeshika nafasi ya pili: saa 2, dakika 9, sekunde 48. Hao tunawapigia makofi. Ila leo tumtazame John Stephen Akhwari wa Mbulu. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alianguka njiani, goti likaumia, akajikokota mpaka uwanjani akawa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza. Mshindi alikuwa ameingia zaidi ya saa nzima kabla yake. Kisa hicho mnakijua tangu shule. Sasa angalieni jambo hili: muda wake upo kwenye kumbukumbu, saa 3, dakika 25, sekunde 27. Upo kwa sababu giza likiingia bado kulikuwa na mtu kazini, anapima. Angekunja virago, leo tungekuwa tunasimulia nini? Kazi ya mtu yule ndiyo kazi ninayowapa ninyi.

Tuje kwenye maji, maana hapo ndipo mambo huharibika. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni kavu. Alfajiri mtu anatetemeka kwa upepo. Ikifika saa nne anaungua. Jasho hukauka kabla halijatiririka, kwa hiyo mkimbiaji hudhani hajapoteza maji. Mtazame usoni: utaiona chumvi nyeupe kwenye nyusi.

Binti wa fulana ya kijani, hebu njoo na chupa yako. Mnaona alivyoishika? Kiganja chote kimezunguka katikati. Mkimbiaji atashika wapi? Shika chini kabisa kwa vidole, sehemu ya juu mwachie yeye. Kifuniko kilegeze, usikitoe. Nyosha mkono, mtazame machoni ajue kuwa hii ni yake, halafu tembea naye hatua mbili kule anakoelekea. Akishika, achia. Jaribu. Tena. Eeh, hivyo hivyo! Kama ni vikombe, jaza nusu, na vitupu visipangwe mezani. Upepo wa hapa mnaujua.

Wenye kasi hunywa mafunda mawili wakatupa chupa. Ndiyo maana meza nyingi huishiwa mapema, na wa nyuma, ambao wamekaa juani muda mrefu zaidi, hukuta vifuniko barabarani. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na liliniuma sana. Tangu asubuhi tengeni maboksi ya wa nyuma, yakae chini ya meza, na yasiguswe.

Wala msimlazimishe mtu kunywa. Maji yakizidi mno hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo nalo linaua. Ukimwona mtu anayumba, anajibu ovyo au anageuka kurudi alikotoka, joto limempanda: mwite daktari kwa redio kolu, na wakati huohuo msogeze kivulini, mmwagie maji baridi mwili mzima, mpepee. Usisubiri gari lifike ndipo uanze kumpoza, na usimnyweshe aliyechanganyikiwa.

Wa njiapanda: reflekta mwilini, simu mfukoni, mkono mzima uonyeshe njia. Kusimamisha magari ni kazi ya trafiki. Siku hiyo ni Jumapili, watu watakuwa wanakwenda kanisani, kwa hiyo wavusheni kwa adabu pakiwa na nafasi. Gari la wagonjwa lipite bila mjadala.

Kamati, nanyi nawaambia mbele yao. Kijana anayeamka saa tisa usiku apate chai, chakula, nauli na mtu wa kumpokea aende hata kujisaidia. Kujitolea si kushinda njaa. Wanaoondoka mapema, mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwapelekea hata andazi.

Kwa hiyo, meza haikunjwi kwa kuangalia saa wala kwa kuona barabara tupu. Nyuma ya mkimbiaji wa mwisho kutakuwa na gari la kufunga njia, lenye bendera nyekundu. Likikupita, okoteni chupa, fungeni magunia, pandeni. Kabla ya hapo hakuna anayeondoka. Viongozi wa vituo nitawaomba mbaki tugawane redio. Wengine, karibuni maswali.