Jezi mbili mwili mmoja

HAMISI: Haya, tumerudi, wale wa Mwanga, Ujiji, Gungu, Kibirizi na nyie mliotoka Kigoma kitambo mnatusikilizia Dar. Leo sina salamu ndefu. Da Tatu yupo, ametoka mnadani moja kwa moja.

TATU: Nipo. Na nanuka samaki, hii migebuka yetu, kwa hiyo mniwie radhi japo hamnioni.

HAMISI: Tulipanga leo tuongee mambo matatu ya kuiokoa timu yetu ya Mashujaa kabla ligi haijaisha. Straika, mzunguko wa pili na vijana wa hapahapa. Nimeandika kwenye karatasi kabisa. Lakini da Tatu, kabla ya hayo ngoja nikwambie kilichonikuta wiki hii maana kimenikaa rohoni.

TATU: Ile ya bodaboda?

HAMISI: Ileile. Wakubwa kutoka Dar wamekuja, tumefungwa, sawa, mpira una kufungwa. Natoka uwanjani sina hamu hata ya kuongea, naita bodaboda, dogo wa mtaani kwetu namjua tangu anatambaa, anakuja anapiga honi pipipipii, amevaa jezi ya wageni. Nikamwambia we si tulikaa wote jukwaa moja mechi iliyopita unaimba Mashujaa Mashujaa? Akafungua zipu, akavuta ile jezi kidogo, ndani kavaa ya Mashujaa! Ananiambia kaka, mimi nipo kote.

TATU: (anacheka) Vua ya juu tuone ya ndani!

HAMISI: Sikupanda. Nimetembea kwa miguu mpaka Katubuka.

TATU: Kwa hiyo umemnyima mtoto wa watu hela ya mafuta kwa sababu ya fulana.

HAMISI: Siyo fulana da Tatu. Bao la pili lilipoingia mi nilikuwa nimeangalia chini, kelele niliyoisikia nikadhani labda refa amelikataa, nainua kichwa naona jukwaa zima linaruka. Kwetu! Uwanja wa Lake Tanganyika! Beki wetu wa kushoto amesimama kaweka mikono kiunoni anaangalia watu wa mji anaouchezea wanavyofurahi yeye kupitwa. Unafikiri wiki ijayo huyo mtoto ataruka kichwa na mtu?

TATU: Ataruka, analipwa mshahara.

HAMISI: Haya bwana.

TATU: Hapana, usiseme haya bwana kwa sauti hiyo. Mi na wewe tunajuana. Mimi ni Simba toka kwa baba yangu, na baba toka kwa babu, hilo wasikilizaji wote wanalijua na sijawahi kulificha. Simba imeanza 1936, Yanga 1935. Mashujaa imepanda ligi kuu 2023. Sasa unataka mapenzi ya ukoo mzima niyavunje kwa timu niliyoanza kuiona ligi kuu juzijuzi?

HAMISI: Sijasema uvunje. Nimesema dakika tisini tu, pale kwetu.

TATU: Dakika tisini ndo mapenzi yenyewe, hakuna mengine.

HAMISI: Kuna voisi ya msikilizaji wa Kasulu nilitaka kuiweka hapa ila simu imegoma kuicheza. Anasema kwao kibandani kuna mzee ana jezi moja imeshonwa nusu kwa nusu, upande Simba upande Mashujaa, na siku zikikutana anakaa pembeni akigeuka kutegemea mpira unaelekea wapi.

TATU: Huyo mzee nampa migebuka bure akifika Kibirizi. Hana haja ya kuvua ya juu!

HAMISI: Sasa siku ya penalti anageukia wapi?

TATU: Anafumba macho.

HAMISI: Na penalti umenikumbusha. Aprili 2024. Unakumbuka ulipokuwa?

TATU: Nilikuwa uwanjani, na usianze.

HAMISI: Kombe la Shirikisho la hapa nchini, Simba amekuja hapa, sare ya 1-1, tukaenda matuta, Mashujaa 6 Simba 5. Simba nje. Kigoma, mwisho wa reli, hatukulala. Nataka wadogo zetu walijue hili maana sasa hivi mtu akiona tunavyobutua butua anadhani timu hii haijawahi kucheza mpira, ilicheza, tena mbele ya mkubwa.

TATU: Mi nililia. Mpaka leo nikiikumbuka ile penalti ya mwisho moyo unashtuka. Lakini Hamisi, hapohapo ndo nakubana. Siku ile jukwaa lilikuwa la rangi gani?

HAMISI: ...

TATU: Sema.

HAMISI: Jekundu la Simba lilikuwepo.

TATU: Jekundu lilikuwa tele! Mimi mwenyewe nilikuwemo. Na Mashujaa wakashinda. Sasa unaniambiaje kwamba mnafungwa leo kwa sababu ya bodaboda wa Katubuka? Mnafungwa kwa sababu hamna namba tisa, straika wa kufunga. Krosi zinapita golini kama magari ya mkoani yasiyo na abiria wa kushuka, hakuna hata anayenyoosha mguu. Dakika za lala salama mabeki wamechoka, kiungo haonekani, kipa anapiga mbele mpira unarudi. Jezi yangu inahusikaje?

HAMISI: Walishinda pamoja na hayo, siyo kwa sababu ya hayo. Timu inaweza kushinda siku moja mbele ya jukwaa la wageni, kombe, usiku mmoja, watu wamejifunga mkanda. Ligi ni mechi thelathini da Tatu. Kumi na tano ziko hapa. Timu kama yetu inabaki ligi kuu kwa zile kumi na tano, siyo kwa kwenda kuchukua pointi Dar. Mgeni anasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kuja huku, akishuka amechoka, hali ya hewa tofauti, hiyo ndo silaha tuliyopewa na Mungu. Halafu anaingia uwanjani anakuta anashangiliwa kuliko mwenyeji! Si tumemwekea kitanda?

TATU: Anayemshangilia amelipa kiingilio. Na mapato ya mlangoni unajua siku gani yanajaa. Mimi mfanyabiashara nakwambia, wakubwa wakija mji mzima unakula. Gesti zinajaa, mama wa chapati anapika toka alfajiri, mimi mwenyewe migebuka ya kukaanga inaisha saa nane mchana. Akija mgeni wa kawaida jukwaa lina nafasi ya kulala. Hao mashabiki wako wa jezi moja wanakuwa wapi siku hiyo?

HAMISI: Hilo nalo linaniuma.

TATU: Basi anza na hilo.

HAMISI: Linaniuma lakini ni jambo lilelile! Mtu anayekuja kwa sababu ya mgeni tu, hajaja kwetu. Hiyo Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, ilichezwa hapa, Taddeo Lwanga akafunga, Simba moja bila, mji ulifurika, nami nilifurahi kwa sababu siku ile hatukuwa na mtoto wetu mle ndani. Kila mtu alikuwa huru. Sasa tuna mtoto.

TATU: Mtoto ni wa jeshi, Hamisi. Tuseme ukweli. Ni timu ya wanajeshi, inaishi kwetu, tunaipenda, lakini mimi sikuulizwa kocha gani aje, sijawahi kuona kadi ya mwanachama. Unataka niipende kama yangu, basi nishirikishwe kama yangu.

HAMISI: Bila jeshi tungekuwa na ligi kuu Kigoma? Nani mwingine alijitokeza? Na tuangalie ya majirani. Tabora mwaka uleule wa 2023 walipanda na timu yao Kitayosce, mechi ya kwanza ya ligi kwa Azam wameingia na wachezaji wanane, mambo ya usajili, mechi ikavunjika. Wanane! Sisi hatujawahi kufika huko. Na hukohuko Tabora, Rhino Rangers nao walikuwa timu ya jeshi, wakapanda wakacheza msimu mmoja wa 2013/14 wakashuka, sasa watoto wa leo ukiwatajia Rhino wanadhani ni mnyama. Hicho ndo nachoogopa. Hizi timu za mikoani zikishuka hazirudi kirahisi.

TATU: Hapo tuko pamoja. Tukishuka mi nitaumia sana, nakwambia kutoka moyoni.

HAMISI: Sasa ukiumia sana mbona...

TATU: Kwa sababu naweza kuumia kote! Wewe una mama na una mama mkwe, unachagua?

HAMISI: Wakigombana ukumbini kwangu, ndio, nachagua.

TATU: Mama mkwe wake anasikiliza hiki kipindi, jamani.

HAMISI: Anajua. Da Tatu, sikubali. Uwanja wa nyumbani ni nyumbani.

TATU: Na mimi sikubali. Nitavaa nyekundu na nitalia mkifungwa.

HAMISI: Haiwezekani vyote.

TATU: Nimeshafanya. Hamisi, muda, gari la mzigo linapiga honi hapo nje na barafu inayeyuka.

HAMISI: Karatasi yangu hatujaigusa hata! Straika...

TATU: Sema ya straika kwa sekunde moja.

HAMISI: Wale vijana wa Ujiji wanaocheza mchangani jioni, mtu aende akawaangalie, Juma Kaseja katoka mkoa huuhuu akawa kipa wa taifa, hatuwezi kukosa hata mfungaji mmoja wa... na mzunguko wa pili kuna ile hesabu ya nafasi ya kumi na tatu na kumi na nne, maana wawili wa mwisho wanashuka moja kwa moja halafu hao wengine wanaenda kucheza...

TATU: Wiki ijayo. Kweli, gari linaondoka.

HAMISI: Mechi ijayo nyumbani mgeni siyo mkubwa. Utakuja?

TATU: Nitakuja, nikishauza.

HAMISI: Umevaa nini?

TATU: Utaona ya juu.