Ubavu kwa Ubavu: Namna ya Kusoma Ngoma za Playford

Mabibi na mabwana, tuanze na kitabu chenyewe. Mwaka 1651, miaka miwili baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao Charles I, mchapishaji John Playford alitoa The English Dancing Master, kitabu cha ngoma za kienyeji za Uingereza. Duka lake lilikuwa Inner Temple, makao ya wanasheria mjini London, karibu na mlango wa kanisa, na wateja wake wakubwa walikuwa vijana wanaosomea sheria. Kwa hiyo anayeziita hizi ngoma za wakulima watupu amekosea njia mapema.

Kitabu kina ngoma 105. Juu ya ukurasa kuna muziki wa fidla, chini yake maelezo, na maelezo yenyewe ni mafupi kama telegramu. Singo ni hatua mbili, kisha miguu inafungwa pamoja. Dabo ni hatua nne, kisha miguu inafungwa. Ukiambiwa dabo mbele na nyuma, umetumia hatua nane, yaani mizani minne ya muziki. Hapo hesabu inakaa sawa.

Safu ndefu ndiyo inayosumbua wengi. Wanaume wanasimama upande mmoja, wanawake wanawatazama. Tuseme ni jozi sita: ya kwanza inacheza na ya pili, ya tatu na ya nne, ya tano na ya sita, na kila mbili zinabadilishana nafasi. Raundi inayofuata, jozi iliyofika mwanzo wa safu (juu) na iliyofika mwisho wake (chini) hazina wenza, zinangoja. Zikiingia tena zinageuza kazi: aliyekuwa akipanda sasa anashuka. Ngoma huharibikia hapohapo. Jozi inayongoja inapiga soga, inarudi na kazi yake ya zamani, na kabla fidla haijamaliza beti watu wanne wanakumbana vifua katikati ya safu.

Sasa kuna neno moja lililozua ubishi: "sides". Playford anaandika tu kwamba wote waende ubavu. Vipi? Hasemi, wanunuzi wake walikuwa wanajua.

Cecil Sharp, mkusanyaji wa nyimbo na ngoma za kienyeji za Uingereza, alipofufua ngoma 30 za Playford katika kitabu chake cha 1911, ilimbidi ajaze pengo. Aliamua mchezaji avuke kwa hatua nne za kupinda hadi nafasi ya mwenzake, kisha arudi kwa nne. Inapendeza macho, na ndiyo iliyofundishwa na chama cha ngoma za kienyeji alichoanzisha mwaka huohuo. Baadaye Pat Shaw, mwalimu na mtunzi wa ngoma hizi, akapendekeza njia nyepesi zaidi: wawili wasogee hadi mabega yalingane, kisha kila mmoja arudi nyuma alikotoka, bila kuvuka.

Mtu atauliza, kwa nini tusihesabu hatua tukajua nani mkweli? Kwa sababu njia zote mbili ni hatua nane, na zote zinamwacha mchezaji mahali alipoanzia. Muziki hauzitofautishi, wala umbo linalofuata. Kwa maoni yangu ya Shaw inakaribiana zaidi na neno lenyewe, maana kwenda ubavu si kuvuka. Lakini ukialikwa kucheza Uingereza, muulize anayeongoza kabla fidla haijaanza: leo hapa tunavuka au hatuvuki?