Soksi Nyeupe, Mji wa Punda: Fesheni za Skuli Lamu Miaka ya 80

ABUU: Asalaam aleikum wasikilizaji, tuko tena hapa Langoni, Lamu, nyumbani kwa shangazi, feni tumeizima kwa sababu yatia kelele kwa maiki kwa hivyo mukisikia fya fya fya ni shangazi ajipepea.

SHANGAZI: Waaleikum salaam. Joto hili na wewe wataka niadithie mambo ya kalikiti, ile dawa ya kukunja nywele.

ABUU: Leo nina picha. Nimeikuta kwa albamu, nyuma imeandikwa 1987 kwa biro, baba yangu yuko stidio amesimama mbele ya pazia limechorwa minazi. Yaani mtu akaa Amu, hapa Lamu, minazi tele, alipa pesa apigwe picha na minazi ya rangi!

SHANGAZI: Ile ya rangi haiangushi nazi.

ABUU: Haya sasa angalia suruali. Imeishia juu ya kifundo, halafu soksi nyeupe pee, na viatu vyeusi. Ilirudi ilipofuliwa ama?

SHANGAZI: Irudi wapi, ilikatwa vile kusudi! Huyo ni Michael Jackson wa Langoni. Thriller ilitoka 1982 lakini huku ilichelewa, wajua kila kitu kilikuja na basi, daraja la Kilifi halikuwako mpaka 1991 kwa hivyo basi lapanda feri, kisha likifika Mokowe mushuke mupande boti, na mvua ikinyesha njia imekatika hakuna basi wala nini. Fesheni ikifika Amu Mombasa washaitupa zamani. Lakini ikifika, ah! Kijana mmoja akipata kaseti ya vidio mtaa mzima wajaa kwao sebuleni, kesho yake asubuhi kila mvulana arudi nyuma nyuma barazani kama kaa.

ABUU: Na wazee hawakusema kitu?

SHANGAZI: Wazee walifurahi! Wawaona vijana suruali juu ya kifundo, wasema mashallah, vijana wameshika sunna. Hakuna aliyewaambia imetoka Marekani.

ABUU: (acheka) Subhanallah.

SHANGAZI: Shida ilikuwa soksi. Mji huu si wa gari, ni wa punda, na punda hawana choo, sasa wewe na soksi nyeupe upite usita wa mui, njia kuu ya mji, kutoka huku mpaka mtaa wa Mkomani uone utafika na rangi gani. Babako alikuwa azitia mfukoni, aenda skuli miguu mitupu ndani ya viatu, akifika getini akaa chini azivaa, akitoka azivua. Soksi zile ziliishi miaka miwili.

ABUU: Ndio maana hata leo viatu aviweka ndani ya karatasi. Na hizi nywele hapa zang'ara hivi, ni flashi?

SHANGAZI: Mafuta hayo. Kalikiti, mwanangu. Skuli ilikuwa marufuku, kwa hivyo atia likizo, na jioni lazima aende chuoni kusoma Qurani, na kofia. Sasa nyanyako alimtungia kofia ya vito, kazi ya miezi, tobo kwa tobo kwa sindano. Kalikiti ikaila kwa wiki moja, ikawa rangi ya chapati. Nyanyako hakumpiga, alinyamaza tu, na kunyamaza kwake ni kubaya zaidi.

ABUU: Tuje kwa wasichana, kwa sababu nyinyi mulikuwa na buibui juu ya yunifomu, fesheni yaonekana wapi?

SHANGAZI: Miguuni! Buibui letu la zamani lile, pana, la kamba, walishika na mkono hapa chini ya kidevu, ukitoka nje kinachoonekana ni uso na viatu basi. Kwa hivyo mimi nilijua watu kwa viatu. Mtu apita mbali nasema yule ni fulani, ana sandaki nyekundu, vile viatu vya plastiki. Ya juu yote ilikuwa ya kuonyeshana sisi kwa sisi, darasani na harusini, na harusini ndio usiseme, huko ndiko kulikuwa na mashindano ya kweli, skuli ilikuwa mazoezi.

ABUU: Na wewe ulishindana na nini?

SHANGAZI: Mabega.

ABUU: Mabega?

SHANGAZI: Enzi zile nguo bila mabega ya sponji si nguo, mwanamke awe mpana huku juu kama mlango wa Kiamu. Sasa sikiza, sisi ndio waliotuanzia 8-4-4, mfumo ule mpya wa masomo. Mwaka wa 84 niko darasa la saba nasema namaliza primari, twaambiwa hapana, kuna la nane, tukafanya KCPE ya kwanza, mtihani wa kumaliza primari, 1985, na KCSE ya kwanza, ule wa sekondari, 1989, kila kitu kilianzia kichwani kwetu. Lakini serikali ikaleta masomo ya mikono, sayansi kimu, ushonaji, ati mtoto akimaliza ajitegemee. Wakanipa sindano na uzi. Mimi nikajitegemea mabega.

ABUU: Ulitoa wapi sponji?

SHANGAZI: Sponji ni pesa. Mto wa nyanyako ulikuwa wa sufi. Nikafungua mshono kidogo pembeni, nachota konzi moja moja, nikashona vifuko viwili vya kitambaa cha marekani, nikavitia ndani ya shati la skuli. Nimefika nimevua buibui, wasichana wote kimya. Nilipendeza, sikufichi. Basi tukaenda paredi, bendera yapanda, twaapa kile kiapo cha utiifu kwa Rais na taifa, kusi imevuma siku hiyo, na mshono wangu wa begani ulikuwa ni wa mwanafunzi wa mwezi mmoja...

ABUU: Usiniambie.

SHANGAZI: Ukafumka! Sufi wajua ilivyo, nyepesi kama moshi, ikaanza kutoka kwa shingo ya shati moja moja, yaruka, yapita juu ya vichwa, mwalimu ainua macho atafuta huo msufi uko wapi hapa uwanjani. Mimi nimetazama mbele tu naapa. Nilipomaliza kuapa bega moja liko juu na moja limelala. Nikapewa kufagia uwanja mzima, na sufi haifagiliki, ukiigusa na ufagio yahama.

ABUU: (acheka) Na nyanya je, hakuuliza mto wake?

SHANGAZI: Alilaumu panya wiki nzima, akatega mtego. Mimi nikanyamaza miaka thelathini na kitu. Juzi hapa tumekaa twachambua mchele nikasema wacha nimwambie, nimuombe radhi. Hata hakuinua kichwa. Anambia, nilijua, panya gani huyo aenda skuli na mabega?

ABUU: Wallahi nyanya! Haya hiyo azana, tuzime maiki.